Fomu ina mstari mmoja wa jamaa wa karibu. Nadai unahitaji watu wanne, na huenda mama si mmoja wao

#1 Mstari_Mmoja
Wadau, habari za jioni.

Fomu ya kulazwa, ya kazi, ya benki, zote zina mstari mmoja: jina la jamaa wa karibu, uhusiano, simu. Watu huandika mama, mke au mume na kugeuza ukurasa. Dai langu ni kwamba mstari huo umebeba kazi nne, na ni nadra mtu mmoja kuziweza zote.

Kuna wa kushika simu saa nane usiku. Kuna wa kufika ndani ya nusu saa. Kuna wa kutoa pesa kabla hakujakucha, kutoa, si kuahidi. Na kuna wa kumjibu daktari ndiyo au hapana, ukoo mzima ukimkunjia uso asitikisike.

Mama aliye Kakamega, simu yake ikichajiwa dukani, anaweza kuwa huyo wa mwisho. Wa kwanza na wa pili hawezi hata akupende vipi. Mume anayefanya kazi Mombasa vilevile. Kwa hivyo watu muhimu kwako si wale unaowapenda kuliko wote. Ni wale walio na kazi. Nimekosea wapi? Na nyinyi mnawapanga vipi?

#2 Kiti_cha_Dirisha
Wanne? Nairobi hii? Mtu ana wafuasi elfu nne TikTok na ufunguo wa akiba amemwachia chungu cha aloe vera.

#3 Zamu_ya_Usiku
Asante kwa uzi. Tuanze na mapokezi, maana makosa yanayoonekana pale ni yaleyale matatu. Namba ya zamani ambayo laini ilishasajiliwa kwa mtu mwingine. Namba moja peke yake. Na hili ambalo watu hawalifikirii: mume na mke wameandikana, kisha wakapanda gari moja kwenda shambani wikendi. Gari likibingirika, jamaa wa karibu yuko kitanda cha pili. Andika namba mbili, na ya pili iwe ya mtu ambaye hasafiri nawe.

Sasa mleta uzi, huyo mtu wako wa kumjibu daktari umempa cheo kikubwa kidogo. Mgonjwa mtu mzima aliye na fahamu huamua mwenyewe, jamaa hana kura. Akipoteza fahamu, Sheria ya Afya ya 2017 inaanza na yule uliyempa ruhusa kwa maandishi, ndipo wafuate jamaa. Kwa hivyo kama unataka rafiki aamue badala ya kaka, mwandikie. Ukurasa mmoja unatosha: jina na kitambulisho chako, jina na kitambulisho chake, simu zake mbili, dawa unazotumia na kipimo chake, dawa zinazokudhuru, tarehe, sahihi yako na ya shahidi. Nakala moja abaki nayo yeye. Ukiifungia kwenye kabati nyumbani, siku hiyo haisomwi na mtu.

Na dharura haisubiri karatasi wala amana. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ubishi wa pesa huja hali ikishatulia, na hapo ndipo yule wa tatu anatafutwa.

#4 Fundi_Luthuli
Zamu_ya_Usiku ameacha jambo moja: simu yenyewe imefungwa. Wasamaria wema wakikuokota pale mzunguko wa Globe, wana kifaa chenye skrini iliyopasuka na tarakimu sita wasizozijua.

Kwa Android fungua Mipangilio, tafuta Usalama na dharura, jaza maelezo ya matibabu na watu wa kupigiwa, halafu ruhusu yaonekane skrini ikiwa imefungwa. Wengi husahau hiyo hatua ya mwisho. iPhone iko kwenye programu ya afya ile yenye alama ya moyo, gusa picha yako juu, jaza, washa ionekane ikiwa imefungwa. Kisha jaribu mwenyewe: funga simu, gusa sehemu ya dharura, uone kama majina yanatokea. Yasipotokea hujafanya kitu.

Majina nayo. Kusevu mtu "Moyo Wangu" au "Boss Lady" kunamwacha msamaria akikisia. Sevu "Dada, Donholm, dharura". Mapenzi hayapungui.

Halafu ya wapokeaji. Mtu wako wa saa nane usiku huenda amewasha Usinisumbue. iPhone humpitisha mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 3, kama mpangilio wa simu za kurudia umewashwa. Android ni ndani ya dakika 15. Kwa hivyo ukipiga isishikwe, usihamie jina linalofuata. Piga tena palepale. Au mwambie akuweke kwenye orodha ya wanaopita hata simu ikiwa kimya, ni sekunde 20.

Mwisho, karatasi. Betri ikiisha orodha yote imeisha. Andika namba tatu kwa kalamu, zikunje nyuma ya kitambulisho ndani ya kile kiplastiki.

#5 Kiti_cha_Dirisha
Fundi, na yule aliyemsevu mke wake "Kenya Power" kwa sababu akipiga giza linaingia?

#6 Fundi_Luthuli
#5 huyo wauguzi watapiga kuulizia tokeni za umeme.

#7 Tabaka_Tano
Mleta uzi umesema wanne ukidhani umebuni. Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alilinganisha ubongo wa nyani na ukubwa wa makundi yao, na mwaka 1992 akakadiria kwamba binadamu anaweza kushika takriban watu 150. Ndani ya hao kuna tabaka: 5, halafu 15, halafu 50, kila duara likikaribia mara tatu ya lililo ndani yake. Kwa hesabu zake takriban asilimia 40 ya muda wa kijamii huwaendea wale 5. Maana yake ni kwamba ukaribu ni muda, na muda una mwisho. Anayeingia ndani humsukuma mwingine nje. Ndiyo maana mtu akipata mchumba, rafiki mmoja huanza kulalamika kwamba hapigiwi simu.

Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alihesabu mwaka 2018: takriban saa 50 kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida, kama 90 kufikia rafiki kamili, zaidi ya 200 kufikia rafiki wa chanda na pete. Fanya hesabu ya Nairobi. Mkikutana saa mbili kila Jumapili, 200 ni wiki 100, karibu miaka miwili. Mkikaa kiti kimoja kwenye matatu ya Rongai saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, siku tano kwa wiki, ni wiki 20.

#8 Kiti_cha_Dirisha
Kwa hivyo rafiki yangu wa dhati ni mzee anayelala begani kwangu kutoka Bomas.

#9 Shaka_Kidogo
Tabaka_Tano, punguza moto. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walirudia hesabu ya ubongo kwa njia nyingine na makadirio yakatawanyika mno, kutoka watu wachache hadi mamia, wakasema hakuna namba moja ya kushika. Na huyo Hall mwenyewe alikuta saa za kufanya kazi pamoja hazisogezi urafiki sana. Zinazosogeza ni zile za kukaa tu, kucheka, kula. Matatu ya watu waliovaa vipokea sauti masikioni sidhani inahesabika.

#10 Tabaka_Tano
Ile ya 150 ina ubishi, nakubali. Duara la 5 limeonekana hata kwenye rekodi za simu, nani anapigiwa mara ngapi. Hapo sirudi nyuma.

#11 Muhuri
Mnazungumza kama kwamba ukimwandika mtu, umempa kitu. Ngoja niwaharibie jioni.

"Jamaa wa karibu" kwenye fomu ya benki ni mtu wa kupigiwa simu tu. Si mrithi. Mwenye akaunti akifa, benki inaifunga mpaka iletewe hati ya usimamizi wa mirathi. Njia yake: cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja walioachwa, maombi mahakamani, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za pingamizi, hati inatolewa, kisha kwa kawaida miezi 6 kabla ya kuthibitishwa ndipo mali igawanywe. Hiyo ni pale ambapo hakuna anayebisha. Anayetaka mwenzake asikwame kwa pesa za wiki ya kwanza, afungue akaunti ya pamoja ambayo fomu yake inasema wazi kwamba anayebaki ndiye mwenye salio.

Wosia wa maandishi si wa matajiri. Utie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie zao mbele yako. Kosa la kawaida ni kumfanya mke au mtoto aliyerithishwa kuwa shahidi. Hapo zawadi yake inatetereka, isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili wasiopewa kitu. Wosia wa mdomo nao upo, mbele ya watu wawili, lakini ukipita miezi 3 ukiwa hai umeyeyuka (wanajeshi wana kifungu chao).

Na hili la M-Pesa ya marehemu. Mke anajua namba ya siri, anatoa pesa za mochari. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza kugusa mali ya marehemu bila hati: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ni mara chache mtu hushtakiwa kwa pesa za jeneza, ila shemeji aliyenuna akitaka silaha, ameipata.

#12 Dirisha_la_Sacco
Muhuri yuko sawa kwa benki. Asiwape watu picha kwamba kila fomu ni hivyo. Sacco ni kinyume. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika kinaruhusu hisa na akiba ziende kwa uliyemteua, bila kusubiri mirathi. Kwa hivyo ule mstari ambao watu hujaza wamesimama, kalamu imefungwa kwa uzi, ndio wenye nguvu kuliko yote waliyowahi kutia sahihi.

Mambo ya kuangalia. Asilimia zijumlishe 100. Mtu akiandika 50, 30, 30 fomu inarudishwa, na asiporudi kuirekebisha, ile ya zamani ndiyo iliyo faili. Majina yafuate kitambulisho: "Mama Shiru" si jina. Mtoto chini ya miaka 18 aandikiwe mtu mzima wa kumshikia. Na kubwa kuliko yote, fomu haijui kwamba umeoa. Aliyejiunga akiwa na miaka 23 akamteua dadake, akaoa akiwa na 30, akafa akiwa na 45, faili bado linasema dada. Dada anaweza kuwa na utu, anaweza kukosa.

Pensheni ya kazini ni mlango wa tatu. Kifungu cha 36A cha sheria ya pensheni kinasema mafao ya kifo si sehemu ya mali ya mirathi, wadhamini wa mfuko hulipa kwa kufuata kanuni zake. Mifuko mingi huichukua fomu yako kama mwongozo, kisha inauliza nani hasa alikuwa akikutegemea.

#13 Muhuri
Hapo kwa Sacco nimekubali, nilipita haraka. Naongeza: mahakama bado inaweza kusikiliza mtegemezi aliyeachwa kavu kwenye mali nyingine. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi kinataja mwenzi wa ndoa na watoto bila kuuliza kama ulikuwa ukiwalisha. Wazazi na ndugu, lazima waonyeshe ulikuwa ukiwatunza kabla hujafa. Sheria nayo ina duara lake la watu wa karibu, na haijali ulikuwa ukizungumza na nani.

#14 Dirisha_la_Sacco
Na kabla hatujaacha Sacco: wadhamini wa mkopo. Hakuna mahali watu huonyeshwa ukweli wa urafiki kama pale. Akiba ya mdhamini inashikwa kwa kiasi alichoandika, hawezi kuichukua mkopo ukiendelea. Anayekopa 400,000 na wadhamini wanne wa 100,000 ana watu wanne wa maana, kwa maandishi.

#15 Kiti_cha_Dirisha
Mleta uzi, umesikia. Wanne haohao. Uzi ufungwe.

#16 Swahiba_Pangani
Assalaam alaykum. Kanuni za wosia na urithi alizotaja Muhuri ni kwa wasio Waislamu. Kwetu hukumu iko wazi na Kadhi anaisikiliza. Wasia hauzidi thuluthi moja ya mali, na haumfai mrithi, labda warithi wenzake waridhie. Thuluthi mbili zina wenyewe: mke akiwa marehemu ameacha watoto ni thumuni, asipoacha ni robo, mama akiwa kuna watoto ni sudusi. Kwa hivyo ile hoja ya kwamba mama si mmoja wao haina nafasi, sehemu yake imetajwa kabla hujazaliwa. Rafiki aliyekufaa ambaye si mrithi, hapo ndipo ile thuluthi inapofanya kazi. Na madeni yalipwe kwanza, hata kabla ya wasia.

#17 Mstari_Mmoja
Wa alaykum salaam. Umenifunga hapo kwa urithi. Kwa simu ya saa nane usiku bado nabishana nawe.

#18 Mzee_Kaloleni
Vijana mnapanga hospitali na mali, mmesahau swali la nani anakuzika. S.M. Otieno alikuwa wakili, mtu wa sheria, na hakuacha wosia wa maandishi. Mjane wake Wambui alitaka azikwe Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Nyalgunga, Siaya. Maiti ikakaa mochari zaidi ya miezi saba, kesi mahakama hii na ile. Ukoo ukashinda. Kwa hivyo huyo mnayemwita wa karibu, siku ya mwisho anaweza kuambiwa akae kando.

#19 Shaka_Kidogo
Mzee, heshima yako, si miezi saba. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986, akazikwa 23 Mei 1987. Siku 154, miezi mitano na siku chache. Mengine uko sahihi.

#20 Mzee_Kaloleni
Nashukuru kwa kunisahihisha. Kwa aliyefuatilia magazeti ilikuwa kama mwaka.

#21 Muhuri
Na tusiiache kama kwamba mambo yalisimama 1987. Maiti si mali, kwa hivyo huwezi kuirithisha, na matakwa ya marehemu hayaifungi mahakama. Lakini majaji wa baadaye wameuliza pia nani alikuwa karibu na marehemu akiwa hai, hasa mke au mume. Andika, taja mahali, mpe nakala mtu wa upande wa mke na mtu wa upande wa ukoo. Ukimpa mmoja, yule mwingine atasema imeghushiwa.

#22 Grili_na_Kufuli
Ukurasa wa pili sasa na hakuna aliyemgusa yule wa kufika ndani ya nusu saa. Huyu hachaguliwi kwa damu, anachaguliwa kwa geti. Ndugu wa Rongai hawezi kufika Kasarani usiku kwa nusu saa bila gari. Na huyo jirani ukimpa ufunguo wa akiba, huenda umempa chuma tu.

Angalia mlango wa kawaida wa ploti zetu. Nje kuna grili, ndani kuna mlango wa mbao. Usiku mtu anafunga grili kwa kufuli la inchi mbili lililoning'inia upande wa ndani, ufunguo wake anautundika msumarini jikoni. Kisha anafunga mlango wa mbao na kuuacha ufunguo ndani ya tundu, umegeuzwa nusu. Sasa aanguke bafuni. Jirani ana ufunguo wa mbao, ila tundu limezibwa na ule wa ndani, hauingii. Na angefikaje kwenye mbao, grili ipo mbele na kufuli liko upande asioufikia? Watatafuta welda saa tisa usiku.

Dawa ni hizi. Welda akate tundu la mkono kwenye grili, upana wa sentimita 12 hivi, na alikingie kufuli kwa kikasha cha bati ili lifunguliwe kutoka nje au ndani lakini lisikatwe kwa mkasi wa bolti. Ufunguo wa mbao utolewe kwenye tundu kila usiku na kutundikwa palepale siku zote, mbali na dirisha lakini mkono uupate gizani, maana moto nao upo. Jirani apewe vyote viwili, wa kufuli na wa mbao, na ajaribu kufungua mchana wewe ukiwa ndani. Ukibadilisha kufuli, umpe mpya siku hiyohiyo. Na geti la ploti: kama mtunza ploti hulifunga saa tano na kuzima simu, jirani wa ploti ya pili si jirani, ni mgeni. Chagua wa ndani ya geti lenu.

#23 Zamu_ya_Usiku
Hiyo ya kujaribu mchana nimeipenda. Niongeze, huyo jirani ajue kundi la damu yako na dawa zako, na ajue unaingia hospitali gani. Kama yeye ni kati ya miaka 16 na 65 na anazidi kilo 50, anaweza pia kuchangia damu. Ndugu wa mbali atatuma pole.

#24 Swahiba_Pangani
Fimbo ya mbali haiui nyoka.

#25 Mama_Ploti7
Mmemaliza mke, ukoo, jirani, hata mzee wa matatu. Hakuna aliyemtaja dada wa nyumbani. Huyo yuko na mtoto wako kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwa hesabu ya #7, saa 200 amezipata kabla ya wiki tatu kwisha. Na ukiulizwa jina la mamake hulijui.

Mambo ya siku anayoingia kazini: nakala ya kitambulisho, jina kamili la mzazi au ndugu na namba zao mbili, kijiji na chifu. Zipigie namba mbele yake, usisubiri siku ameugua. Upande wako, bandika ukutani karibu na friji, juu ya pale mtoto anapofika, kwa maandishi makubwa: namba yako, ya mwenzako, ya jirani mwenye funguo, 999 na 112, na mahali mnapoishi kwa maneno ya kumwelekeza mtu wa ambulensi, jina la barabara, duka la pembeni, rangi ya geti. Aliyeshikwa na hofu hawezi kueleza njia, atasoma. Awe na salio, la sivyo hiyo karatasi ya ukutani ni mapambo.

Shuleni vilevile. Mwalimu apewe orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, picha na namba ya kitambulisho. Wawili, si "yeyote wa nyumbani".

#26 Muhuri
Na nani atamlea mtoto, wazazi wote wawili wakifariki? Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mzazi kumteua mlezi kwa wosia au kwa hati. Kumtamka mtu kanisani siku ya ubatizo hakutoshi. Muulize kwanza, wengi huandikwa bila kujua. Na usimwandike mume na mke pamoja bila kusema itakuwaje wakitengana.

#27 Hesabu_za_Usiku
Narudi kwa yule wa pesa, mmemruka. Mwenye pesa akitaka kusaidia saa nane usiku, asitume kwa simu ya mgonjwa. Simu hiyo iko kwenye mfuko wa plastiki kaunta na hakuna anayejua namba ya siri. Atume moja kwa moja kwa namba ya malipo ya hospitali, na kwenye akaunti aweke namba ya mgonjwa iliyotolewa na hospitali, si jina. Akikosea namba hiyo, pesa zinafika hospitali lakini haziko kwa mgonjwa yeyote, na kuzitafuta ni foleni ya asubuhi. Kikomo cha M-Pesa ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Ametuma kwa mtu asiyehusika? Asambaze ule ujumbe wa uthibitisho kwa 456 upesi, kabla huyo mwingine hajatoa.

Na bima ya afya ya serikali, SHA, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, wengi walijisajili wenyewe wakaacha familia. Mwenzi na watoto waongezwe. Mzazi hujisajili kivyake, *147#.

#28 Shaka_Kidogo
Nitie mchanga kidogo kwenye huu ugali. Mnatafuta watu watano kana kwamba wengine ni mapambo. Mark Granovetter, mwaka 1973, alifuatilia watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua kwenye kitongoji cha Boston. Chini ya asilimia 17 ndio walikuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki. Waliobaki waliipata kwa wale wa salamu za mbali. Sababu ni rahisi: wale watano wako wanajua unachojua. Yule wa mtaa mwingine ndiye anayejua nafasi iliyotangazwa jana.

#29 Tabaka_Tano
Kazi hupatikana kwa wale wa mbali, ndiyo. Ukiipoteza hiyo kazi, unalala kwa nani?

#30 Shaka_Kidogo
Kwa mdhamini wa Sacco. Yeye ndiye mwenye sababu ya kukutafuta.

#31 Mstari_Mmoja
Mmenipiga ngumi za kila upande. Nimeanza na wanne, sasa nina wa kitanda cha hospitali, wa karatasi ya Sacco, wa kuzika, wa kulea, wa grili, na dada wa nyumbani. Hao ni sita, na Swahiba ana orodha yake isiyoguswa. Bado nasema kazi ndiyo inampa mtu umuhimu. Tabaka_Tano anasema ni saa, Muhuri anasema ni muhuri.

#32 Mzee_Kaloleni
Undugu ni kufaana. Hayo mengine mtayajua mkizeeka.

#33 Kiti_cha_Dirisha
Mzee amemaliza. Grili_na_Kufuli, swali la maana sasa: hicho kikasha cha bati, welda anakichomelea grili iking'olewa au ikiwa palepale mlangoni?

#34 Grili_na_Kufuli
Palepale. Ila mlango wa mbao ufunguliwe na uwekewe gunia lililoloweshwa maji, cheche zinaruka ndani. Bati iwe ya milimita 2, nyembamba kuliko hiyo inatoboka kwa moto. Na kabla hajaanza kuchomelea, mwambie apime mkono wake wa kulia na wa kushoto kwenye tundu. Wengi hukata la mkono mmoja.